Nina daftari saba za utafiti, na riwaya imekwama mlangoni mwa Pangani

Shangazi wa Kalamu, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, mama wa watoto wawili. Mwaka wa tatu huu naandika riwaya. Inatokea Pangani mwaka 1888, pale Wadachi wa Kampuni, ile ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, walipokuja kushika mji na watu wa Mrima, pwani hii yetu, wakainuka. Mhusika wangu ni Mwanaidi, binti wa miaka 19, ambaye baba yake ni mwungwana mwenye shamba la miwa.

Nilipomaliza sura tatu nilikwenda nazo Pangani kwa babu yangu mzaa mama, nikamsomea barazani, majirani nao wakasogea. Ukurasa wa kwanza ulianza hivi:

"Ilikuwa asubuhi ya Idi Kubwa, Agosti 1888. Mwanaidi alivaa buibui lake, akafunga hela kwenye pindo, akatoka peke yake kwenda sokoni. Kunguru walikuwa wakigombania matumbo ya samaki juu ya mapaa ya makuti. Ng'ambo ya mto mashamba ya mkonge yalijipanga mistari mpaka macho yakachoka. Bandarini jahazi la Maskati ndiyo kwanza lilikuwa linatia nanga. 'Mbona leo watoto hawakwenda shule?' akauliza Banyani mwenye duka."

Sura ya pili, usiku wa Idi hiyo hiyo, kaka yake anavusha bunduki mtoni kwa mtumbwi katika giza totoro.

Babu alicheka mpaka akakohoa. Yeye amekata mkonge ujana wake wote. Akaniambia, "Mjukuu wangu, mkonge umeletwa na Mdachi. Sasa Mdachi mwenyewe hajakaa sawa, mkonge wake umeshafika?" Baraza zima likacheka. Nilikunja karatasi zangu nikarudi Tanga na basi la jioni.

Nikaapa hakuna atakayenicheka tena. Miaka miwili nimeshinda maktaba, nimekwenda Dar mara nne, nimepanda boti hadi Unguja kwenye Nyaraka. Nina kaunta buku saba: nguo, sarafu, silaha, vyeo, vyakula, majengo, masultani. Kisha nikaandika upya ukurasa ule:

"Mwanaidi alijifunga kaniki, yaani kitambaa cha pamba kilichotiwa nili ambacho kiliuzwa na wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa chini ya himaya ya Mwingereza, akapita mbele ya nyumba ya Liwali, ambaye alikuwa mwakilishi wa Sayyid Khalifa bin Said, aliyerithi kiti mwezi Machi 1888 baada ya kufariki Sayyid Barghash aliyetawala tangu 1870..."

Mume wangu alisoma nusu ukurasa akauliza, "Huu ni mtihani wa kidato cha nne?" Niliumia, lakini hakukosea. Sura ya nne haijazaliwa. Kila nikitaka kumkalisha mtu kwenye kiti nasimama kwanza kutafiti viti.

Shangazi, utafiti unakoma wapi? Nitajuaje kipi kiingie na kipi kibaki daftarini? Wahusika waseme Kiswahili gani, cha Babu wa babu au hiki chetu? Au nibuni mji wa uongo, nipumue?

Mwenye Daftari Saba,
Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Na tuanzie papo hapo, kwenye hiyo shikamoo uliyonipa. Wewe umeniamkia kwa adabu kwa sababu nimekuzidi umri, yamekwisha. Pangani ya 1888 neno hilo lilikuwa na uzito mwingine. Lilikuwa salamu ya mtumwa kwa bwana wake, ya mtu aliye chini kwa aliye juu: nashika miguu yako. Waungwana wao kwa wao walikuwa na sabalkheri na masalkheri zao. Kwa hiyo katika riwaya yako, nani anamwambia nani shikamoo, na nani anaikwepa, kunamweleza msomaji ni nani wa nani bila wewe kuandika hata sentensi moja ya kufafanua. Liweke hilo akilini.

Babu yako alikuonea huruma. Alishika kosa moja. Mimi katika aya ile fupi nimehesabu saba, idadi ya daftari zako. Tuyapitie, halafu tuyasahau.

Mkonge umeshasikia. Dakta Richard Hindorf aliuleta kutoka Florida mwaka 1893, na katika shehena nzima miche iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62. Mashamba yako ya mistari yamewahi kwa miaka mitano, na hapo sijahesabu muda wa kukua. Hela nayo ni neno la Kijerumani. Sarafu ya heller ilianza 1904, na ndiyo iliyotuachia neno hilo mpaka leo. Mwaka 1888 mtu alikuwa na pesa za shaba, rupia za Kihindi, na akiwa tajiri, reale za fedha. Shule ni Kijerumani vilevile. Watoto wa Pangani walikwenda chuoni, kwa mwalimu wa Kurani. Tena siku ya Idi hata chuoni hawaendi, na Banyani aliyekaa mjini miaka kumi hawezi kuuliza swali kama hilo.

Buibui lilienea mwanzoni mwa karne ya 20. Kunguru hawa wa kijivu na weusi wanaotunyima usingizi waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890, ati wale taka. Yule kunguru wa kwetu mwenye kifua cheupe alikuwapo, lakini hana ghasia za kundi kiasi hicho. Na jahazi lako la Maskati, mwanangu, limekuja na upepo kichwani. Agosti ni upepo wa kusi. Majahazi ya Uarabuni huja na kaskazi, kuanzia Desemba hivi, na kusi ndiyo inayoyarudisha kwao. Nahodha anayetoka Maskati akafika Pangani mwezi wa Agosti ama ni mchawi ama ana meli ya moshi.

Hayo ni sita. Yote yanarekebishika kwa kalamu nyekundu ndani ya dakika moja: mkonge uwe miwa, hela iwe pesa, jahazi liwe linapakia kuondoka. Riwaya inabaki ile ile. Ndiyo maana sitaki ulie sana juu yake. Mwandishi yeyote anayakosea na mhariri mwenye macho anayaokota.

La saba halifutiki kwa kalamu. Umemtoa Mwanaidi peke yake, mchana, kwenda sokoni.

Binti wa mwungwana, wa miaka 19, mwenye baba wa shamba la miwa, hakwenda sokoni. Alikaa ndani. Akitoka, alitoka jioni, amefunikwa, na watu nyuma yake. Samaki alinunuliwa na kijakazi. Maji yalitekwa na kijakazi. Habari za bandarini ziliingia nyumbani kupitia mdomo wa kijakazi. Sasa tazama kinachotokea kwenye hadithi yako. Sura yako ya kwanza yote ni macho ya Mwanaidi barabarani: anaona Wadachi, anaona bendera, anasikia wanaume wakinong'ona. Hakuna hata kimoja ambacho angekiona. Aliyekiona ni msichana mwingine, ambaye katika sura zako tatu hana hata jina.

Utafiti wa hadithi ya kale kazi yake ni hiyo. Kipande cha ukweli kinachomzuia mhusika wako kupita mlango fulani, au kinachomlazimisha apite mwingine, ni cha riwaya. Kisichombadilishia mtu njia, bei, hofu au salamu kinabaki daftarini hata kama kilikugharimu nauli ya boti. Wewe ulijaza daftari saba ili Babu asicheke. Ulikuwa unajikinga, na mtu anayejikinga huandika kama ulivyoandika ukurasa wa pili.

Huo ukurasa wa pili tuukalie kidogo, maana una ugonjwa ambao nauona kila wiki kwenye miswada inayoletwa kwangu. Kila jambo ndani yake ni kweli. Khalifa alirithi Machi 1888, Barghash alitawala tangu 1870, kaniki inatiwa nili. Kosa ni kwamba hakuna mtu anayeyaona hayo. Mwanaidi anapita mbele ya nyumba ya Liwali akiwa na tarehe kichwani kama kalenda ya ukutani. Wewe ukipita mbele ya ofisi ya mkuu wa wilaya, unajiambia "huyu ni mwakilishi wa Rais aliyeingia madarakani mwaka fulani"? Unajiambia jua kali, au unamdai karani wake.

Barghash amekufa miezi mitano tu kabla ya hadithi yako kuanza. Mwezi Aprili huyu mpya akatia saini mkataba wa kuwapa Wadachi wa Kampuni utawala wa Mrima na ushuru wake, na katikati ya Agosti ndiyo wanakuja kuushika. Mji mzima unalizungumza hilo. Basi libaki mdomoni mwa watu. Mzee mmoja barazani anasema, "Marehemu asingetuuza," mwingine anamwambia anyamaze, maana askari wa Liwali anapita. Umeshasema yote yaliyokuwa kwenye aya yako, na msomaji ameshika ni nani anaogopa nini.

Na kaniki. Umeieleza kwa maneno ya mfanyabiashara. Ambaye kaniki iko mwilini mwake haijui hivyo. Anaijua kwamba ikiwa mpya, akitoka jasho, inamwachia rangi ya buluu mabegani, na mtu akimtazama shingoni anajua mpya. Tena kaniki na merikani vilikuwa vitambaa vya watu wa kazi. Binti yako wa kiungwana siku ya Idi angelia kuvishwa kaniki. Kwa hiyo hata hiyo nguo uliyoifanyia utafiti ilikuwa inakuita kwa yule yule msichana asiye na jina, na hukusikia.

Nimpe jina kwa muda, utalibadilisha ukitaka. Nimwite Zafarani. Watumwa walipewa majina ya namna hiyo, Mabruki, Feruzi, Zafarani, na jina peke yake lilitosha kumtambulisha mtu kabla hajafungua mdomo. Jaribu hivi:

"Zafarani alishuka forodhani mji ukiwa bado unaswali. Kaniki mpya ya Idi ilikuwa imeshaanza kumwachia rangi mabegani. Kwenye pindo alikuwa na pesa nane za bibi na moja yake mwenyewe, na alizifunga mafundo mawili mbalimbali zisije zikachanganyika. Bendera nyekundu ya Sayyid ilikuwa pale pale mlingotini. Juu ya nyumba ya Wadachi ilipepea nyingine asiyoijua. Aliitazama, kisha akatazama chini haraka, kama mtu aliyefungua mlango usio wake."

Umetumia nini hapo kutoka daftari saba? Labda mistari mitano. Sikusema pesa 64 ni rupia moja. Sikusema bendera ni ya nani. Msomaji hajui thamani ya pesa ya shaba ya 1888 na wala hataitafuta, lakini ameona fundo la pili, na sasa ana wasiwasi nalo.

Umeniuliza utafiti unakoma wapi. Haukomi, lakini unatangulizwa na ukurasa. Andika tukio kwanza, kwa unavyolijua leo, na kila unapofika usipojua weka nyota uendelee. "Akampa Banyani * kwa kibaba cha mchele." "Akakaa kwenye *." Usisimame. Tukio likiisha, hesabu nyota. Utakuta ni nne au tano, na hizo ndizo za kwenda nazo maktaba. Mtu anayekwenda Nyaraka na maswali matano hurudi jioni. Aliyekwenda kutafuta "maisha ya Pangani" hurudi na kaunta buku, na kesho anarudi tena kwa sababu maisha ya Pangani hayaishi. (Hicho kibaba nimekitia makusudi. Nimeona muswada wa karne ya 19 wenye kilo mbili za mchele na nusu lita ya mafuta ya nazi. Vibaba vinne pishi moja, hesabu ndiyo hiyo, na mikono ya wahusika wako iliizoea.)

Kuna chombo kimoja cha utafiti ambacho daftari zako saba hazina, na kiko ukutani kwako: kalenda ya mwezi. Idi Kubwa ni mwezi kumi Mfunguo Tatu, siku zote. Sasa mwezi wa siku kumi ukoje? Umeshavuka nusu, unakaribia kujaa, uko juu tangu magharibi na hautui mpaka usiku wa manane umepita. Giza totoro lako la sura ya pili halipo. Kaka mtu anavusha bunduki chini ya mwangaza ambao mtu wa Bweni, ng'ambo, anaweza kuhesabu makasia. Usihuzunike, hii ni zawadi. Ama asubiri mwezi utue, akiwa amejilaza kwenye mikoko kwa saa nyingi na mbu, na alfajiri inamkimbiza. Ama avuke akionekana, na mtu aliyemwona akae na siri hiyo mpaka sura ya tisa. Vyote viwili vinashinda giza totoro, ambalo kila mwandishi analo.

Tena mwezi kumi ni siku za maji mafu, si bamvua. Mtumbwi uliojaa chuma na maji yasiyopanda sana: unapita wapi, unakwama wapi, unanuka nini tope likifukuliwa na kasia? Hapo ndipo umrudie Babu. Usimsomee. Muulize. Yeye hakuwapo 1888 na usimfanye shahidi wa 1888. Anayoyakumbuka ni ya ujana wake, na yale ya bibi yake yamepita midomo miwili mitatu. Lakini mto ni ule ule, kusi ni ile ile, na maji hupanda na kushuka kwa hesabu ile ile. Mambo hayo hakuna karatasi Unguja itakayokupa, na mzee aliyekucheka kwa mkonge atakuwa na raha ya wiki nzima kukueleza mlango wa mto.

Siku ya Mwaka pia iangalie. Leo Makunduchi wanakoga mwaka Julai, lakini mwaka wa Kiswahili wa siku 365 hauna siku ya nyongeza, kwa hiyo husogea taratibu, na wakati ule uliangukia mwishoni mwa Agosti. Maana yake Idi Kubwa na Siku ya Mwaka zimefuatana mwaka ule ule Wadachi wanaingia. Mji umejaa watu wa mashambani, ngoma, vyakula, watu wamelala mabarazani. Kuna kisa kinachosimuliwa cha Wadachi kuingia msikitini na viatu na mbwa siku hizo za Idi. Ukikitumia, kipe mji uliojaa hivyo. Kisa hicho kwenye mji mtupu ni ufidhuli wa mtu mmoja, ila mji ukiwa umefurika wageni ni kiberiti.

Kuhusu lugha. Usiwape wahusika Kiswahili cha makumbusho, kila sentensi ina "naam ewe ndugu yangu". Waseme Kiswahili chepesi, chenye mwendo wa Mrima, na wewe kazi yako kubwa iwe kuchuja maneno yaliyozaliwa baadaye. Mtu wa 1888 hana changamoto, ana taabu. Hana mchakato wala asilimia. Hasubiri dakika tano, anasubiri mpaka alasiri. Ukitilia neno shaka, kuna kamusi ya Krapf iliyotoka London 1882, na ya Madan ya 1903. Neno kukosekana humo hakuthibitishi kwamba halikuwapo, maana Krapf alisikiliza zaidi Mombasa, lakini neno likiwamo unalala usingizi. Na angalia pia maneno yaliyobadilika tumboni. Mjinga wakati ule alikuwa mtumwa mpya aliyeletwa kutoka bara, ambaye hajajua lugha wala desturi za pwani. Zafarani akiitwa mjinga na kijakazi mzalia wa mji, hajatukanwa akili, ametajwa alikotoka. Msomaji wa leo atasikia tusi, Zafarani atasikia njia ya msafara, na wote wawili watakuwa wamesikia sawa.

Kwa mwendo wenyewe wa Kiswahili cha zama hizo, soma Desturi za Waswahili za Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, zilizochapwa 1903, na utenzi wa Hemedi bin Abdallah juu ya vita hivi hivi vyako. Soma kwa sauti. Ila kumbuka nani anasema. Wote wawili ni wanaume wasomi wa pwani. Mtoro anaeleza watumwa kwa kirefu, kazi zao, adhabu zao, ndoa zao, na anawaeleza kutoka juu. Kijakazi mwenyewe humsikii. Nyaraka nazo ndivyo zilivyo: utapata mtu amenunuliwa, ameuzwa, ametoroka, lakini hutapata alichokuwa anakifikiria akifunga pindo. Pengo hilo ndilo shamba lako, usilijaze kwa daftari ya nane.

Mji wa uongo sikubali. Ukiuita Mtende au Mwambani, Babu atautambua kwenye ukurasa wa pili na utakuwa umejinyima mto wenye jina. Baba wa Mwanaidi, kaka, Banyani, Zafarani, hao ni wako, wafanye utakavyo. Abushiri bin Salim, kiongozi wa vita vile, si wako. Alikuwa na shamba la miwa kule kule, alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na hilo usilisogeze hata kwa siku moja ili likufae kwenye sura ya mwisho. Kwa maoni yangu uchelewe hata kumwonyesha uso. Miezi ile ya mwanzo, kwa msichana wa jikoni, Abushiri ni jina linalotajwa na wanaume wakishusha sauti.

Sasa fanya hivi. Daftari zako zipeleke kwa mumeo azifungie kabatini mwezi mzima, na umwambie asante kwa ule utani, maana alikufaa kuliko hizo nauli. Mwanaidi mrudishe ndani. Mkalishe dirishani, asiyeona kitu, akimsubiri mtu arudi na kikapu na habari, na uone ataamini ipi na atanunua ipi kwa kumtishia mwenzake. Ukurasa wa kwanza uanze upya kwa yule aliyeshuka forodhani. Nyota weka kadiri upendavyo.

Ukifika mwisho wa sura hiyo niandikie. Sihitaji kujua umepata wapi bei ya samaki. Nataka kujua ile pesa moja ya fundo la pili ilinunua nini.

Shangazi wa Kalamu